Namba na Maneno: Kupima Ubora wa Picha ya Runinga ya Mtandaoni, kwa Mfano wa Goma

Utangulizi

Kwa muda mrefu picha ya runinga iliharibika njiani. Mnara ulituma mawimbi yaliyo sawa kwa watu wote, na ikiwa nyumba ilikuwa nyuma ya kilima, au antena ilikuwa imelegea, mtazamaji aliona chenga. Runinga inayopelekwa kwa mtandao imebadili jambo hilo. Hapa picha hupunguzwa kwa makusudi kabla haijatoka kituoni. Mtangazaji huigandamiza ili ipungue uzito, kisha hutengeneza nakala kadhaa za kipindi kimoja, kuanzia nzito yenye picha kali hadi nyepesi yenye picha hafifu, na kifaa cha mtazamaji huchagua nakala inayolingana na kasi ya mtandao wa wakati ule. Swali la nani ataona nini, ambalo zamani lilikuwa la vilima na mvua, sasa ni la mtangazaji mwenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi programu za kupimia ubora wa picha zinavyoandaliwa na kutumiwa katika kazi hiyo. Aidha, yanadai kwamba namba zinazotolewa na programu hizo zimesimama juu ya maneno, na kwamba anayezitumia katika mji unaosema Kiswahili hana budi kuyachunguza maneno hayo kwanza.

Mfano utakaotumika ni wa mtaa wa Mapendo, katika komuni ya Goma, jimbo la Kivu Kaskazini. Volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Siku 5 baadaye, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi wa jimbo hilo, Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wahame. Mapendo ulikuwamo katika orodha hiyo, na Majengo pia. Msomaji na ayatazame majina hayo mawili kama yatakavyoonekana katika maandishi madogo chini ya kioo cha simu: Mapendo, Majengo. Yana herufi 7 kila moja, na yanatofautiana kwa herufi 2 tu, ya tatu na ya sita. Katika nakala nyepesi ya video, herufi hizo ndizo za kwanza kuyeyuka. Mwaka 2021 majina yote mawili yalikuwa katika orodha moja; orodha nyingine haitalazimika kuwa hivyo.

Lakini nakala nzito haiwezi kuwa jibu la kila mtu. Video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde humaliza megabaiti 450 kwa saa moja. Ikishushwa hadi kilobiti 400, saa hiyo hiyo humaliza megabaiti 180, na taarifa ya habari ya nusu saa megabaiti 90. Kwa mtu anayenunua mtandao kwa kipimo cha megabaiti, tofauti hiyo ni fedha. Kazi ya mtangazaji, basi, ni kutafuta nakala nyepesi kabisa ambayo bado inafaa, na hapo ndipo programu inapohitajika.

Kuandaa programu

Njia za kale za kupima zililinganisha nukta za picha ya asili na nukta za nakala, kisha zikahesabu tofauti. Hesabu hiyo, inayojulikana kwa kifupi PSNR, ni nyepesi lakini haijui jicho la mtu linajali nini. Mwaka 2004 kilichapishwa kipimo cha SSIM, kinachotazama umbo la picha badala ya nukta mojamoja. Kinachotumika sana siku hizi ni VMAF, kilichotolewa bure mwaka 2016 na kampuni ya Netflix baada ya kushirikiana na watafiti wa vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Southern California. Hiki hukusanya vipimo kadhaa vidogo, vya maelezo yaliyopotea katika picha na vya mwendo, kisha huviunganisha kuwa alama moja kati ya 0 na 100. Kinapatikana pia ndani ya FFmpeg, programu ya bure ambayo vituo vingi huitumia kugandamiza video. Kwa hiyo kituo kidogo hakihitaji kununua chochote.

Matumizi yake yanadai faili 2: ya asili na iliyogandamizwa. Sharti la kwanza ni kwamba zianze katika fremu moja. Nakala ikichelewa kwa fremu moja tu, programu italinganisha mdomo uliofunguka na mdomo uliofumba, na alama itaporomoka ingawa picha haina kasoro. Sharti la pili ni vipimo vya picha: nakala ndogo hukuzwa kwanza ilingane na asili, kwa kuwa kifaa cha mtazamaji nacho huikuza ijae kioo. Tatu, idadi ya fremu kwa sekunde iwe ileile. Mwenye kompyuta dhaifu, au mwenye umeme usiotabirika, anaweza kuiamuru programu ipime fremu chache kwa kuruka nyingine. Matokeo hupungua usahihi kidogo, lakini kazi huisha kabla betri haijaisha.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni hali ya faili ya asili. VMAF hupima uaminifu wa nakala kwa asili yake. Picha iliyopigwa kwa simu, ikatumwa kwa WhatsApp, ikafika kituoni ikiwa imekwisha kugandamizwa, ni asili mbovu. Na asili mbovu ikinakiliwa vyema hupata alama ya juu. Kituo kinachopokea habari zake kwa njia hiyo kisijisifu kwa alama 95.

Kadhalika wastani hudanganya. Programu huandika alama ya kila fremu, kisha hutoa wastani wa kipindi kizima. Msomaji wa habari aliyekaa mbele ya ukuta mweupe huchukua dakika nyingi na hupata alama nzuri. Picha za watu wanaotembea njiani na virago vyao huchukua sekunde 20 na hupata alama mbaya, lakini hupotea ndani ya wastani. Inafaa kutazama fremu za chini kabisa, na kuzifungua kwa macho. Ama ule mstari wa maandishi chini ya kioo, ni sehemu ndogo mno ya fremu kuweza kuitikisa alama. Kwa maandishi hayo, kipimo cha kuaminika ni cha kizamani: aitwe mtu asome majina ya mitaa kwa sauti.

Namba imetoka wapi

Alama ya 70 ina maana gani? Watengenezaji wa VMAF waliwaonyesha watu video kwenye kioo kikubwa cha runinga, wakiwa wamekaa umbali wa mara 3 ya kimo cha kioo, wakawataka wachague neno moja kati ya matano ya Kiingereza, kuanzia la ubaya hadi la ubora kamili. Kisha programu ikafundishwa kubashiri majibu hayo. Kwa makadirio, neno la chini kabisa liliwekwa kwenye alama 20 na la juu kabisa kwenye 100. Kwa hiyo 70 iko baina ya neno la tatu na la nne: mtazamaji wa kawaida, katika hali ile, angesitasita kati ya "fair" na "good". Kuna pia mfumo wa simu, unaotoa alama ya juu zaidi kwa video ileile kwa sababu kioo kidogo huficha kasoro. Huo ndio unaolingana na mtazamaji wa simu, ingawa kwa maandishi madogo unaweza kumridhisha mtangazaji kupita kiasi.

Maneno hayo matano hayakuanza na Netflix. Yamo katika pendekezo BT.500 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambalo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1974, na yana matini rasmi ya Kifaransa. Hapo ndipo mambo ya lugha yanapojitokeza. Neno la Kiingereza la katikati haliegemei upande wowote; la Kifaransa, "assez bon", limebeba uzuri ndani yake. Hatua kati ya neno na neno hazilingani katika lugha hizo mbili, ijapokuwa namba zilizoandikwa pembeni ni zilezile.

Maneno ya kupimia kwa Kiswahili

Tafsiri iliyo rahisi kufikirika ni hii: bora sana, nzuri, wastani, duni, mbaya. Inapendeza kwenye karatasi, lakini ina matatizo. "Bora" hulinganisha kitu na kingine, na mtazamaji ataulizwa: bora kuliko nini? "Wastani" ni neno la hesabu. Si dhahiri kwamba "duni" iko juu ya "mbaya". Wapo watakaoipanga chini. Na "picha nzuri" inaweza kuwa picha inayoonekana vyema au picha ya kitu kizuri. Bibi harusi atapewa 4 hata kama uso wake umekatikakatika vipande. Katika Goma kuna jambo la ziada. Kiswahili cha mji huo husema "picha ya muzuri" na "picha iko mubaya", na mwenye kuambiwa achague "duni" atakuwa anajibu kwa lugha ya shule, si kwa lugha anayoitumia anapolalamikia picha.

Pendekezo lilelile lina kipimo cha pili, cha kasoro badala ya ubora, na hicho kinakikaa Kiswahili vizuri zaidi: kasoro haionekani, inaonekana lakini haisumbui, inasumbua kidogo, inasumbua, inasumbua sana. Ngazi tatu za chini zina shina moja, na "kidogo" na "sana" huzipanga bila mabishano, Dar es Salaam kama Goma. Uzuri wa kinachoonyeshwa nao hauingii, kwa kuwa kinachoulizwa ni usumbufu tu. Gharama yake ni kwamba majibu hayo hayawezi kuwekwa moja kwa moja juu ya alama za VMAF. Sharti video zilezile zipimwe kwa njia zote mbili ili ionekane alama ipi ya programu inakutana na "inasumbua".

Kazi hiyo haihitaji maabara kubwa. BT.500 hutaka watazamaji wasiopungua 15, ambao macho yao yamekaguliwa, na kikao kisichozidi nusu saa. Video zipangwe bila utaratibu wa kutabirika, na maelekezo yasomwe kwa Kiswahili cha watazamaji wenyewe. Katika Mapendo, zitumike simu zilezile ambazo watu huzitazamia, kwa kiwango cha mwanga walichokizoea, na miongoni mwa video iwemo moja yenye orodha ya mitaa inayopita chini ya kioo.