Mimea Mikononi mwa Mafundi wa Siyu

Pwani yetu ina dawa inayoandikwa. Mwalimu huroweka zaafarani kwenye maji ya marashi, akachukua sahani nyeupe na kuandika juu yake aya za Kurani kwa kalamu ya kijiti. Maandishi yakishakauka huoshwa kwa maji, na maji yale hunywewa na mgonjwa. Hilo ndilo kombe. Nimeanza nalo kwa sababu wengi hudhani kwamba kuitumia sanaa kama tiba ni fikra iliyozuka juzi katika hospitali za Ulaya. Katika kombe, rangi imetoka kwenye ua la zaafarani na harufu imetoka kwenye waridi. Mgonjwa naye hakuachwa peke yake: yupo aliyemwandikia, yupo na aliyekwenda kumwombea aandikiwe. Kombe halichukui nafasi ya daktari, lakini linamwambia mgonjwa kwamba ana watu.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili la sanaa kuwa tiba. Mji huu umejificha nyuma ya mikoko, na chombo hungoja maji yajae ndipo kiufikie. Wengi wanaujua kwa ngome yake na kwa Bwana Mataka, mtawala wake aliyekataa kuwa chini ya Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Mimi naona urithi wake mkubwa zaidi ni kazi ya mikono. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa misahafu, washona viatu vya ngozi na wachonga mbao. Misahafu ya Siyu, ambayo mtafiti Zulfikar Hirji ameichunguza kwa makini, imepambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Fundi Mwislamu hakuchora watu wala wanyama katika msahafu. Jicho lake lilielekea kwenye ua, jani na mmea unaotambaa.

Ikiwa sanaa yenye mimea ni tiba, je, kutazama mimea kunatuliza kweli? Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa penye dirisha linaloelekea miti, nusu nyingine walitazamana na ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka mapema, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Wagonjwa 46 ni wachache mno kumaliza ubishi. Ila mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kutengeneza kitu kwa mkono kulihesabiwa humo pamoja na kutazama.

Hapo kwenye kutengeneza ndipo penye siri. Chukua ukili. Miyaa, yaani majani ya mkoma, hukatwa, ikaanikwa juani mpaka ikawa nyeupe, ikachanwa nyembamba. Nyingine huchemshwa kwenye rangi. Msukaji huanza na chane chache, na kila moja inapokaribia kuisha huchomeka nyingine, hata ukili ukarefuka pima baada ya pima. Mwisho hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Kazi hii inashika mikono na macho, lakini inaacha masikio na ulimi huru. Ndiyo maana wanawake husuka pamoja, wakizungumza maradhi, harusi na mtoto aliyekwenda Mombasa asipige simu. Mwenye huzuni anaweza kukaa kati yao asiseme neno, na hakuna atakayemuuliza, kwa sababu ana kazi mkononi.

Lakini mtu hapati utulivu kwa kusuka hadi usiku kwa bei ya kumdhulumu, na mkeka wa plastiki wa kiwandani umeibana bei hiyo sana. Anayetaka kuanzisha mradi wa afya kwa njia ya sanaa hapa na akae kwanza na wasukaji, wapange wao thamani ya pima moja. Kisha wazungumze na wakata miyaa, maana mkoma unaonyang'anywa kila jani jipya hudumaa, na msimu unaofuata hakuna cha kuchana.