Risasi ya Kujishindilia Mbele ya Mahakama za Marekani

Neno risasi katika Kiswahili limebeba maana zaidi ya moja. Ni madini mazito, laini, yayeyukayo upesi motoni; ni kile kipande kitokacho mdomoni mwa bunduki; tena ni kile kitu kizima chenye ganda la shaba, fataki, baruti na kichwa. Enzi za gobori utata huu haukumsumbua mtu, maana mwenye bunduki aliipima baruti mwenyewe na kuishindilia kwa mdeki. Huko Marekani kazi ya kujishindilia haijatoweka. Maelfu ya walenga shabaha na wawindaji huokota maganda yaliyotumika, wakayatia fataki, baruti na vichwa vipya, ama kwa kubana gharama ama kwa kutafuta ulengaji bora. Makala haya yanadhamiria kufafanua linalozuka pindi risasi ya namna hiyo inapotumiwa katika kujihami.

Kosa haliko katika kuitengeneza. Sheria ya serikali kuu ya nchi hiyo humtaka leseni anayetengeneza risasi za kuuza, wala si anayejitengenezea. Isipokuwa risasi za bastola za kutoboa deraya, ambazo sheria ya mwaka 1986 ilizipiga marufuku. Aidha, katika kujihami, mahakama huuliza kama hatari ilikuwa imewadia na kama nguvu iliyotumika ililingana nayo. Ikiwa kufyatua kulikuwa halali, nani aliyeijaza baruti hakubadilishi uhalali huo.

Wasiwasi wa kwanza unaotajwa sana ni kwamba kiongozi wa mashtaka ataliambia juri, yaani jopo la raia, kuwa mshtakiwa hakutosheka na risasi za dukani, akajipikia za kuua zaidi. Hoja ya aina hii si ndoto tupu. Katika kesi moja ya Arizona iliyotokana na tukio la mwaka 2004, upande wa mashtaka uliigusia bastola yenye nguvu nyingi na risasi zenye vichwa vilivyo wazi, ingawa zilikuwa za kiwandani. Mshtakiwa alitiwa hatiani mwaka 2006, na hukumu ikatenguliwa mwaka 2009 kwa sababu zisizohusu risasi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hofu hii imetiwa chumvi. Wakili hodari ataijibu kwa sentensi mbili.

Uzito wa suala hili umo katika ushahidi. Bunduki ifyatuliwapo, moshi na chembe za baruti isiyoungua huruka pamoja na risasi. Zikitoka karibu, hukwama nguoni na ngozini. Umbali ukizidi, hutawanyika hadi zikakosekana. Mtaalamu wa maabara huichukua silaha ileile na risasi za aina ileile, akapiga vitambaa kutoka masafa aliyoyapima, kisha akalinganisha alama hizo na nguo ya aliyepigwa. Tuseme mshtakiwa anadai kwamba mshambulizi mwenye kisu alikuwa hatua moja tu mbele yake. Madai hayo yanasimama au kuanguka kwa alama hizo. Risasi ya kiwandani ina nambari ya fungu lake, na mfano wake hupatikana. Ya nyumbani, nani ajuaye kipimo cha baruti yake ila aliyeimimina? Daftari lake la vipimo limeandikwa na mtu mwenye maslahi katika kesi, na hakimu aweza kukataa majaribio yaliyojengwa juu yake. Tangu uamuzi wa Daubert wa mwaka 1993, mahakimu wa mahakama za serikali kuu wana wajibu wa kuuchuja ushahidi wa kitaalamu kabla haujafika mbele ya juri.

Mfano unaotajwa daima ni kesi ya New Jersey iliyotokana na kifo cha mwaka 1989. Mume alidai kuwa mkewe alijipiga mwenyewe, na kwamba yeye alikuwa ameijaza baruti kidogo ili bastola isimrudishe mkewe kwa kishindo. Kwa mujibu wa Massad Ayoob, mwandishi aliyeieneza sana habari hiyo, maabara ilitumia risasi za kiwandani, zilizoacha chembe nyingi kwenye masafa ambayo mikono ya marehemu isingeyafikia. Kesi ilisikilizwa zaidi ya mara moja, na hatimaye mume akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Wanaoitaja husahau kwamba haikuwa kesi ya kujihami. Lakini funzo la ushahidi ni lilelile, na ndiyo maana Ayoob hushauri watu wabebe risasi za kiwandani, hasa zitumiwazo na polisi wa mahali pao.

Nchini Kenya mjadala huu ungekwama mapema. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hupima kujihami kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza, ambayo nayo huuliza kama nguvu ilikuwa ya kadiri. Lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hudai cheti hata kwa risasi yenyewe, na hesabu yake huandikwa humo. Tena hakuna juri la kutiwa hofu, ila hakimu au jaji peke yake.