Amonia: Gesi Inayojengeka Huku Ikibomoka

Mkulima anayenunua mbolea ya kukuzia mahindi huiona namba 46 kwenye mfuko wa urea. Maana yake, katika kila kilo 100 za mbolea hiyo, kilo 46 ni naitrojeni. Imetoka hewani, ambako haina uhaba: karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Kazi ilikuwa kuinasa.

Kwenye karatasi jambo lenyewe ni jepesi. Molekuli moja ya naitrojeni huungana na tatu za haidrojeni, zikapatikana mbili za amonia, ambayo ndiyo malighafi ya urea. Lakini amonia nayo huvunjika ikarudi ilikotoka. Ndani ya chombo kilichofungwa, kuungana na kuvunjika hufikia kwenda kwa kasi moja, na kiasi cha kila gesi hakibadiliki tena, kama soko ambalo wanaoingia ni sawa na wanaotoka. Huo ndio msawazo wa kikemikali.

Mwaka 1884 Mfaransa Henry Le Chatelier alitoa kanuni yake: ukiuvuruga msawazo, mmenyuko huelekea upande unaopunguza vurugu hiyo. Gesi zikibanwa, hukimbilia upande wenye molekuli chache. Hapa molekuli nne huwa mbili, hivyo shinikizo kubwa huongeza amonia. Joto ndilo lenye ukaidi. Amonia ikiundika hutoa joto, kwa hiyo chombo kikipashwa, mmenyuko hurudi nyuma. Kwa shinikizo mara 200 ya lile la hewa, msawazo katika nyuzi 200 za Selsiasi una amonia zaidi ya asilimia 80. Katika nyuzi 500 haifiki hata 20.

Mbona basi wasipoze? Kwa sababu kwenye baridi mmenyuko hauendi. Atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu, na kukikata kunataka joto. Kichocheo husaidia, ila wengi hukosea hapa: kichocheo huharakisha kuufikia msawazo, hakiusogezi hata kidogo.

Le Chatelier mwenyewe alijaribu kutengeneza amonia. Hewa ikaingia kwenye mtambo, ukalipuka, akaachana nayo. Fritz Haber, huko Karlsruhe, Ujerumani, aliendelea, na Julai 1909 aliwaonyesha wataalamu wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka tone kwa tone. Alipitisha gesi zenye moto juu ya osmiamu, akazipoza hadi amonia ikawa kimiminika, akaitoa, na zilizobaki akazirudisha kwenye mzunguko. Amonia isiporundikana, hakuna cha kuvunjika.

Kuutoa ujanja huo maabara na kuupeleka kiwandani kulimwangukia Carl Bosch. Mirija yake ya chuma ilipasuka baada ya siku chache tu, kwani haidrojeni ilipenya ndani ya chuma na kukiibia kaboni inayokipa nguvu. Akaitia mirija bitana ya chuma laini kwa ndani, na ganda la nje akalitoboa vitundu ili haidrojeni iliyopenya itoke. Mwenzake Alwin Mittasch alipima maelfu ya michanganyiko mpaka akapata kichocheo cha chuma, rahisi kuliko osmiamu. Kiwanda cha Oppau kikaanza kazi mwaka 1913.

Viwanda vingi vya leo bado hutumia kichocheo cha chuma, kwenye nyuzi 400 hadi 500. Gesi zikipita mara moja, takriban asilimia 15 tu ndiyo hugeuka amonia. Zilizosalia huzungushwa tena na tena mpaka karibu zote zitumike.