Swali Gumu au Lugha Ngumu?

Mtoto wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, huenda akazungumza Kimakwe, Kimwani au Kiswahili nyumbani, kisha akapimwa kwa Kireno shuleni. Akikosea, kilichomshinda ni fikra au lugha?

Mwaka 1960 Georg Rasch wa Denmark alieleza kuwa uwezekano wa kujibu sawasawa hutegemea tofauti kati ya uwezo wa mtahiniwa na ugumu wa swali. Vikilingana, uwezekano huo ni nusu. Programu za kompyuta kama JAGS na Stan hukadiria vyote viwili kwa kanuni ya Thomas Bayes: huanza na kadirio la awali, kisha hulirekebisha kwa majibu yaliyopatikana.

Njia hii hufaa hata watahiniwa wakiwa wachache. Tuseme wanafunzi 10 wote wamekosa swali. Asilimia ya kawaida ni 0, kana kwamba swali halijibiki. Kanuni ya Bayes, ikianza bila kuegemea upande wowote, humpa mwanafunzi wa 11 nafasi 1 kati ya 12, na huonyesha shaka iliyobaki.

Kwa hiyo, swali lilelile litolewe kwa Kireno na kwa lugha ya nyumbani, kwa makundi yenye uwezo unaolingana. Ugumu ukitofautiana sana, tuichunguze lugha ya swali kabla ya kumhukumu mtoto.