Fredriksson, zimamoto aliyetawala mbio za mitumbwi

Gert Fredriksson alizaliwa Novemba 21, 1919 katika mji mdogo wa Nyköping, pwani ya Bahari ya Baltiki nchini Uswidi. Kazi yake ilikuwa ya zimamoto. Kati ya 1948 na 1960 alitwaa medali 8 za Olimpiki katika mbio za mitumbwi: 6 za dhahabu, moja ya fedha na moja ya shaba.

Chombo chake kilikuwa kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ambao mpiga kafi huketi ndani akiwa ameelekea mbele. Kafi lake lina bapa huku na huku, hivyo upande wa kulia ukishavuta maji, wa kushoto huingia mara moja. Mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa, atokaye na mtumbwi wake kwa kafi la bapa moja, anaifahamu vyema nusu ya kazi hiyo: nguvu hutoka kiunoni na mgongoni, na mwenye papara huchoka kabla ya kufika. Tofauti ni kwamba mtumbwi wa mvuvi umeundwa ubebe mtu na nyavu zake bila kuyumba. Kayaki ya mashindano imeundwa iende mbio tu, na asiyeizoea hupinduka nayo hata penye maji matulivu.

Vita Vikuu vya Pili vilimnyima Fredriksson miaka ambayo mwanamichezo huwa katika ubora wake. Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika, naye akafika London mwaka 1948 akiwa na umri wa miaka 28. Mbio za mitumbwi zilifanyika Henley, katika Mto Thames. Agosti 11 alishinda mita 10,000 kwa dakika 50 na sekunde 47.7, akimwacha Kurt Wires wa Finland kwa sekunde 30.5. Umbali huo unakaribia urefu wote wa mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, kutoka kisiwani hadi ndani bara. Kesho yake akashinda mita 1,000 kwa tofauti ya sekunde 6.7. Ni kama mkimbiaji kushinda mita 10,000 leo, na kesho akashinda mita 1,500. 

Helsinki 1952 alihifadhi taji la mita 1,000, lakini katika mita 10,000 Thorvald Strömberg wa Finland alimshinda mbele ya mashabiki wa kwao. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Melbourne, alizitwaa tena dhahabu zote mbili kwenye ziwa Wendouree, mjini Ballarat. Alikuwa ametimiza miaka 37.

Baada ya hapo mbio za mita 10,000 ziliondolewa katika Olimpiki. Fredriksson hakustaafu. Roma 1960, akiwa na miaka 40, alipata shaba katika mita 1,000, kisha akashinda dhahabu ya kayaki ya watu wawili akiwa na Sven-Olov Sjödelius. Baadaye aliwafundisha wapiga kafi wa Uswidi. Alifariki Julai 5, 2006. Hadi Olimpiki ya Paris 2024, hakuna mwanamume aliyezipita dhahabu zake 6 katika mchezo huo.

Mabingwa wa Uswidi hujifunza katika nchi ambako maji huganda majira ya baridi. Maji ya Tudor hayagandi, nayo yamekingwa dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Ni wakati wa maji kujaa na kupwa tu ndipo mkondo hukaza, na wavuvi wanazijua saa zake. Wenye dhamana ya michezo Mombasa na nchini Kenya wawape vijana wa Mji wa Kale na Tudor kayaki na walimu. Kafi wameshalizoea.