Mtoto Aliyepona Saratani Ahitaji Wenzake



Ndugu msomaji, hapa mtaani kwetu Buruburu yupo binti wa miaka kumi aliyerejea nyumbani baada ya miezi mingi ya matibabu ya saratani ya damu. Siku aliporudi chuoni nywele zake zilikuwa hazijaota sawasawa. Mtoto mmoja akamvuta mtandio, wengine wakacheka, na mwengine akajitenga naye kwa kuchelea kuambukizwa. Binti hakulia. Alifunga juzuu yake, akaenda kwao, na kwa wiki mbili hakuonekana.

Mamake aliponieleza, nilifanya tuliyoyazoea sisi masheikh: nikaenda, nikasoma dua, nikausia subira. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sheikh, subira ninayo. Lakini ni nani atakayemwambia mwanangu akaamini kwamba nywele huota tena?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja na mama mwengine, waliyejuana naye wakiuguza wodini. Alifuatana na mwanawe wa miaka kumi na mitano, ambaye zamani aliugua uvimbe wa taya akapona. Kijana yule aliketi mkekani, akavua kofia, akainamisha kichwa na kumwambia binti, "Hebu vuta uone kama si zangu." Binti akavuta, akacheka. Jumamosi iliyofuata alirudi chuoni.

Wahenga walinena: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Uvimbe ule wa taya una historia katika nchi zetu. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo yake baada ya kuuona kwa watoto wengi wa Uganda, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa upesi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba katika nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi zenye kipato kidogo hawafiki 30. Miongoni mwa sababu ni kuchelewa kutambuliwa kwa maradhi na kukatizwa kwa matibabu. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100.

Hapo ndipo ilipo faida ya wenzetu waliotangulia. Mzazi aliyechoka, aliyekwisha nauli na akiba, hushawishika kuacha dawa njiani. Lakini akimwona mtoto wa mwenziwe amepona, hupata nguvu ya kuendelea.

Enyi akina mama, msiufiche ugonjwa huu wala msiishie kusema ni jicho la hasidi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na dua haizuii dawa. Mkiona uvimbe usioondoka, weupe katika mboni ya jicho, homa isiyokoma, au madoa ya damu ngozini bila ya sababu, mpelekeni mtoto hospitali mapema. Saratani haiambukizi. Bali ni sisi tunaoweza kumwambukiza mgonjwa mafua na kikohozi wakati dawa zimeipunguza kinga yake. Basi mwenye maradhi hayo asubiri apone ndipo amzuru. Na aliyepona aendelee kuhudhuria kliniki kama alivyoelekezwa.

Ama kuhusu chuo, kosa lilikuwa langu. Nilijua binti anarudi, nami sikuwaandaa wenzake. Tangu hapo nimewakalisha wanafunzi, nikawaeleza maradhi haya ni nini, na kwamba Waislamu ni mfano wa mwili mmoja: kiungo kimoja kikiumia, vyote hukesha. Yule aliyevuta mtandio sasa hukaa naye safu moja.

Allah (S.W.T.) awaponye watoto wetu, na awape wazazi wao wenza wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.