Kupanga Alama Bila Kupoteza Majina

Mwalimu apangaye alama za wanafunzi wake kwenye karatasi hahitaji kukumbushwa kwamba jina na alama havitengani. Aipandishapo alama 83 juu ya orodha, jina la Neema hupanda nayo. Kompyuta haina busara hiyo. Hutenda kama ilivyoamriwa, wala haizidishi.

Jambo hili hudhihirika katika PHP, lugha ya programu iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, nayo hutumika katika kompyuta zinazohudumia kurasa za intaneti. Katika lugha hiyo, kila kitu kilichomo katika orodha kina sehemu mbili: ufunguo na thamani. Ichukuliwe mfano wa orodha yenye Amina 71, Juma 58 na Neema 83. Majina ndiyo funguo. Alama ndizo thamani.

Amri iitwayo sort huzipanga alama kuanzia ndogo hadi kubwa, yaani 58, 71, 83. Lakini huyafuta majina yote na kuweka mahali pake namba 0, 1 na 2. Alama zimepangika, ila haijulikani tena ni za nani. Amri ya asort huzipanga vilevile, huku kila jina likifuatana na alama yake. Ile ya arsort huanzia alama kubwa, nayo ksort hufuata mpangilio wa majina. Herufi moja tu yatosha kuleta tofauti.

Hatari nyingine hujificha zaidi. Wanafunzi wawili wakilingana alama, nani atangulie? Katika toleo la 7.0 la mwaka 2015, orodha isiyozidi vitu 16 ilipangwa kwa kukichomeka kila kitu mahali pake, njia isiyowavuruga wanaolingana. Orodha ndefu zaidi iligawanywa mafungu kwa mafungu, na waliolingana waliweza kupishana. Hivyo programu iliyojaribiwa kwa majina 10 ilionekana timamu, kumbe ingeweza kuvuruga majina 100. Kasoro hiyo iliondolewa katika toleo la 8.0, mwaka 2020: wanaolingana hubaki katika utaratibu waliokuja nao.

Hapana budi, basi, mtunga programu ajiulize kabla ya kuandika amri: ni kitu gani kinachopangwa, na ni kipi kisichopaswa kuachana nacho?